Chama kidogo ukikinyima jimbo lake, hakifi

Kila uchaguzi ukikaribia, vijana wa vyama vidogo hunitumia ujumbe wenye swali lilelile: tuungane na wakubwa au tusimame wenyewe? Wengi hutegemea nianze na itikadi, nani ni mjamaa wa kweli na nani kavaa tu fulana nyekundu. Mimi huwauliza kwanza: jimbo lenu ni lipi? Kama hawana jibu, hatuna cha kujadili. Hawaendi kuungana, wanakwenda kuomba lifti.

Haya nimeyaona sehemu mbili. Moja ni Kerala, kusini-magharibi mwa India, nilikosoma na kuukuta uchaguzi wa 2016. Nyingine ni chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja wilayani kwetu, ambako vyama vya upinzani vilikaa kugawana kata, mimi nikiwa mshika kalamu. Kerala nitaieleza kwa urefu, kwa sababu wale watu wamekuwa wakiungana, wakigombana na kurudiana tangu kabla sijazaliwa, na kila kosa unalopanga kulifanya wewe wao wameshalifanya.

Tuanze na hesabu. Kerala iliundwa tarehe 1 Novemba 1956. Mwaka uliofuata Chama cha Kikomunisti cha India, CPI, kilipata viti 60 kati ya 126 vya Bunge la Kerala, na kwa kuungwa mkono na wabunge wachache wa kujitegemea, E.M.S. Namboodiripad akaapishwa kuwa Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya Kerala. Serikali yake ikagusa ardhi na shule, na wenye ardhi na wenye shule wakaingia barabarani. Tarehe 31 Julai 1959 Delhi, yaani serikali kuu ya India, ikaivunja. Uchaguzi ukarudiwa 1960, na hapo ndipo penye somo: kura za wakomunisti zilipanda kutoka kama asilimia 35 hadi 39, lakini viti vikaporomoka hadi 29. Safari hii Congress, chama kilichoishika Delhi wakati ule, wasoshalisti wa PSP na Muslim League, chama cha Waislamu, waliachiana majimbo. Mfumo wao ni kama wetu: mwenye kura nyingi jimboni anaondoka na kiti hata kama hakufika nusu. Ukipendwa zaidi huku wapinzani wako wakiwa wameacha kugawana kura, unaweza kupanda na kushuka siku hiyohiyo.

Mwaka 1964 chama chenyewe kikapasuka, kikatoka CPI(M), ambacho baadaye ndicho kilichokuwa kikubwa. Uchaguzi wa 1965 hakuna aliyeweza kuunda serikali. Ndipo mwaka 1967 vikakaa vyama saba, wakomunisti wa pande zote mbili pamoja na RSP, wasoshalisti na Muslim League ileile iliyowaangusha 1960. Wakavuna viti 117 kati ya 133, Congress wakabaki na 9.

Watu wakisimulia 1967 huishia kwenye ushindi. Mimi hupenda mambo mawili madogo. La kwanza ni wilaya ya Malappuram. Muslim League walitaka wilaya yao, eneo ambalo Waislamu ni wengi, na wakubwa wa muungano walipigiwa kelele nyingi kwa kukubali. Juni 1969 wilaya ikatangazwa. Mshirika mdogo alidai kitu kimoja kinachoonekana kwenye ramani, na akakipata. La pili ni K.R. Gowri Amma na T.V. Thomas. Walioana 1957, wote wakiwa mawaziri wa serikali ile ya kwanza. Chama kilipopasuka mke alikwenda CPI(M), mume akabaki CPI. Mwaka 1967 wakarudi kwenye baraza moja la mawaziri, kila mmoja na kadi yake. Sijui walikuwa wakizungumza nini mezani usiku, ila natamani kila kamati ya muungano ingekuwa na watu wawili wanaofahamiana kiasi kile.

Haikudumu. CPI na wadogo wenzake walilalamika kwamba kaka mkubwa anawaamulia, tuhuma za ufisadi zikaanza kurushwa kutoka chama hiki kwenda kile ndani ya serikali moja, na Oktoba 1969 E.M.S. akajiuzulu. Siku chache baadaye C. Achutha Menon wa CPI akawa Waziri Kiongozi, na chama chake kikaishia kushirikiana na Congress kwa miaka mingi. Sheria ya ardhi iliyofuta ukodishaji wa kikabaila ilipitishwa chini ya mmoja, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1970 chini ya mwingine, na mpaka leo vyama hivyo viwili vinagombania sifa. Mwenye nyumba wangu kule, mzee wa CPI, alinunua magazeti mawili kila asubuhi, Janayugom la chama chake na Deshabhimani la CPI(M). Nilimuuliza anatakia nini la wenzake. Akasema: la kwetu linaniambia tumeamua nini, la kwao linaniambia tutaamuliwa nini.

Muungano wa mrengo wa kushoto unaojulikana leo kama LDF ulisimama CPI waliporudi, na ukashinda 1980 chini ya E.K. Nayanar. Ulikuwa umebeba pia kundi la Congress la A.K. Antony na Kerala Congress ya K.M. Mani. Hao wakatoka 1981, serikali ikaanguka. Mwaka 1987 wakashinda bila kumchukua kila mpita njia, na toka hapo wananchi wakawa wanawapokeza: kipindi kimoja LDF, kinachofuata UDF ya Congress, mpaka 2021 LDF walipovunja mwiko na kurudi mara ya pili mfululizo kwa viti 99 kati ya 140.

Sasa tuje kwenye meza ya majimbo, maana hapa ndipo miungano mingi inapofia.

Kollam ni mji wa pwani ambako RSP, chama kidogo cha kisoshalisti, kina mizizi ya miaka mingi. N.K. Premachandran wa RSP alikuwa mbunge wake kwenye Bunge la taifa, Delhi, miaka ya tisini, kisha CPI(M) wakakichukua kiti kile kwa mgombea wao. RSP wakameza. Mwaka 2014 wakakiomba tena, na CPI(M) wakamsimamisha M.A. Baby, mtu mzito wa kamati kuu ya chama, ambaye leo ndiye katibu mkuu wao wa taifa. RSP wakahamia upande wa Congress kampeni zikiwa zinaanza. Premachandran akasimama, akamshinda Baby kwa zaidi ya kura 37,000. Akashinda tena 2019, akashinda tena 2024. Kabla ya Kollam, mwaka 2009, ilikuwa Kozhikode: kundi la M.P. Veerendra Kumar lilinyimwa kiti hicho, likaondoka, na LDF wakakipoteza kwa kura zisizofika 1,000. Uchaguzi ule waliambulia viti 4 kati ya 20 vya Kerala kwenye Bunge la Delhi, ilhali 2004 walikuwa na 18.

Angalia mtu aliyekatwa jina anafanya nini. Hendi nyumbani kulala. Anawajua mabalozi wenu, mawakala wenu, na anajua kura zenu zimelala mtaa gani. Kwetu wilayani, chama kikubwa kilichukua kata ambayo mwenzake mdogo alikuwa ameilima miaka yote, kwa hoja kwamba kina mgombea mwenye jina. Katibu kata wa chama kidogo, mwalimu mstaafu, hakubisha. Alikunja daftari lake la wanachama, akaomba aagwe, akatoka. Kwenye kampeni hatukumwona jukwaani kwetu wala kwa wapinzani. Siku ya kura vituo vyake havikuwa na wakala hata mmoja wa upande wetu. Na si sisi tu: mwaka 2015, pamoja na makubaliano yote ya UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, Segerea walisimama mgombea wa CHADEMA na wa CUF, na CCM ikapita.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa wakubwa: orodha ya majimbo ianze na yale ambayo mdogo hawezi kuishi bila hayo. Myaandike kabla ya kugusa mengine, na yasifunguliwe tena eti kwa sababu amejitokeza mgombea mwenye pesa.

Ila nisiwadanganye, kuna wakati inalipa kumuudhi mtu, mradi umepiga hesabu. K.M. Mani alishikilia Pala tangu uchaguzi wa 1965 hadi alipofariki Aprili 2019. Mani C. Kappan, wa chama kidogo cha NCP ndani ya LDF, alimgongea mlango mara tatu akashindwa. Kwenye uchaguzi mdogo wa 2019 hatimaye akapita. Mwaka uliofuata mtoto wa marehemu, Jose K. Mani, akahama UDF na chama chake kuja LDF, na bila shaka alitaka kiti cha baba. Kappan akaona meli inakwenda wapi, akahamia UDF, na 2021 akamshinda Jose palepale Pala kwa zaidi ya kura 15,000. Aibu? Ndiyo. Lakini chama cha Jose kilileta viti vitano kwingineko na kura za Wakristo wa Kerala ya kati ambazo LDF walikuwa wakizitamani miaka. Walipoteza kimoja wakijua. Tofauti na Kollam ni kwamba kule walidhani RSP hawana pa kwenda.

Na ninyi wadogo, msishangilie Kollam kupita kiasi. RSP walipata mbunge wao wa Delhi, lakini kwenye Bunge la Kerala, uchaguzi wa 2016 na wa 2021, walitoka mikono mitupu. Kuhama kunampa kiti mtu mmoja mwenye jina. Chama kinahitaji zaidi ya hapo. Kabla ya kubeba bendera kwenda upande wa pili, ulizeni madiwani wenu wangapi watabaki na kata zao.

Vipi kama majimbo hayatoshi? Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Baada ya ushindi wa 2021, LDF walikuwa na vyama kadhaa vyenye mbunge mmoja mmoja, na nafasi za uwaziri hazikutosha. Wakaamua vinne kati yao vipokezane: Antony Raju na Ahammed Devarkovil washike wizara nusu ya kwanza ya kipindi, kisha K.B. Ganesh Kumar na Kadannappalli Ramachandran. Unajua ahadi za namna hii kwetu huwa zinaishia wapi. Desemba 2023, Raju na Devarkovil wakajiuzulu, wawili wale wakaapishwa. Mtu mwenye mbunge mmoja, asiye na uwezo wa kuiangusha serikali yenye viti 99, akalipwa deni lake kwa wakati. CPI nao waliachia nafasi ya mnadhimu mkuu wa serikali ili wageni wa Jose waipate, wakabaki na mawaziri wao wanne na naibu spika. Hivyo ndivyo mshirika wa pili kwa ukubwa anavyonunua utulivu.

Jambo jingine walilolipatia ni bendera. Hakuna anayeombwa kuvua rangi zake. Kerala wakati wa uchaguzi kuta ni mali: miezi kabla ya wagombea kutajwa, makada huchora ukutani jina la muungano na mwaka, kuonyesha umeshawahiwa. Mwaka 2016 mtaani kwetu ukuta ulikuwa umeandikwa LDF tu, mtupu. Mgombea alipotajwa ndipo ikachorwa alama ya chama chake. Ingekuwa wa CPI(M), ni nyundo, mundu na nyota. Wa CPI, masuke na mundu. Kazi ya ukuta ilifanywa na vijana wa vyama vyote kabla hawajajua wanamchorea nani. Nimejaribu kuwauzia wenzangu wazo hilo hapa nyumbani, wakaniuliza rangi italipwa na nani.

Kuna mtego mmoja wa muungano wa eneo moja ambao sijaona aliyeutegua vizuri. Kerala, Congress ndiye adui. Delhi, ni wenzao dhidi ya BJP, chama kilichoshika serikali kuu tangu 2014. Mwaka 2016 na 2021 wakomunisti walishirikiana na Congress huko West Bengal msimu uleule walipokuwa wakipambana nao Kerala, na Bengal 2021 hawakupata kiti hata kimoja. Rahul Gandhi, kinara wa Congress, alikwenda kugombea Wayanad, Kerala, mwaka 2019 na tena 2024, na mara zote mbili alipambana na mgombea wa CPI. Mpiga kura wa kawaida akajisemea: kama ni kwa ajili ya Delhi, bora nimpe mwenye nafasi ya kushika Delhi. LDF wakapata kiti kimoja kati ya 20 mwaka 2019, na kimoja tena 2024. Katikati ya hapo, watu walewale wakawapa viti 99 kwenye Bunge lao. Kwa hiyo kama muungano wenu ni wa mkoa au wa halmashauri, semeni hivyo hadharani na msiahidi kitu kuhusu urais. Waacheni wanachama wapige kura ya urais wanavyotaka. Mkichanganya, kura mtakayogombana kwayo ni ile ambayo hamna.

Mwisho ni suala la karatasi. Makubaliano yaandikwe majimbo kwa majina, zamu kwa tarehe, na nani anaitisha kikao kama mwenyekiti hapatikani. Kila chama kiondoke na nakala iliyosainiwa, na katibu wa wilaya wa chama kidogo apewe yake mkononi. Kwetu nakala pekee yenye sahihi zote ilikaa kwa mjumbe mmoja wa chama kikubwa, na muda mfupi kabla ya siku ya uteuzi alikwenda kuunga mkono juhudi, nayo akaenda nayo.