Wasifu wa bibi aliyeacha ukoo mkubwa: anzeni na hesabu

Kinachogombanisha watu msibani mara nyingi ni idadi ya wajukuu. Msomaji anataja 41, na huku nyuma ya turubai shangazi anahesabu kwa vidole: wawili wa kwake hawamo.

Msimwachie mtu mmoja kazi ya kukumbuka wote. Kila mtoto wa marehemu, au mkubwa wa nyumba yake kama mwenyewe ametangulia, alete karatasi ya uzao wake, walio hai na waliofariki. Jina la nyumbani na la shule yakae mstari mmoja, la sivyo Kabula wa nyumbani ambaye shuleni ni Neema atahesabiwa mara mbili. Mjukuu aliyelelewa na bibi naye huhesabiwa kimakosa kwa watoto na tena kwa wajukuu. Mkibishana nani alitangulia kuzaliwa, majina ya Kisukuma yanasaidia: Shija hufuata Kulwa na Doto. Watoto wa nje na wa mke mwenza wazungumzwe kwenye kikao cha usiku, si asubuhi ya mazishi.

Mwaka wa kuzaliwa ni mgumu zaidi. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, huanza na tarakimu 8 za tarehe ya kuzaliwa, ila kwa wazee wengi tarehe hiyo ilikadiriwa tu. Cheti cha ubatizo ni bora kama alibatizwa mtoto mchanga. Vinginevyo waulizeni wadogo zake na mawifi: Uhuru, Desemba 1961, ulimkuta ameshaolewa? Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijijini, 1974, mgongoni alikuwa na nani? Meli ya MV Bukoba ilipozama, Mei 1996, alishapata kitukuu? Majibu yakikubaliana, "mwanzoni mwa miaka ya 1940" inatosha. Mwaka wa kubuni huumbuka pale inapoonekana alimzaa kifungua mimba akiwa na miaka tisa.

Sehemu ya kazi ndiyo wengi huilipua. "Mcheshi, mchapakazi, mpenda watu" humfaa marehemu yeyote. Semeni alichofanya: alfajiri alinunua dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza, akaanika, akauza kwa sado, na siku za mbalamwezi, dagaa wakiadimika, aliuza nini? Au alilima pamba Magu, na kiangazi akakatakata viazi vibichi akavianika kuwa michembe, vingine akavichemsha kwanza ndipo akavianika kuwa matobolwa, ili watoto wavuke hadi mavuno. Majirani waliomwona akifanya hayo ndio wa kuwauliza. Watoto walishazoea, hawakumbuki.

Maradhi yapewe sentensi mbili. Lawama kwa hospitali ziachwe nje kabisa.

Maneno 500 yakisomwa taratibu ni kama dakika tano. Yakizidi, MC anaanza kuangalia saa, kwani bado kuna rambirambi na kuaga mwili. Chapisheni kwa herufi za ukubwa wa 14, upande mmoja wa karatasi, kurasa ziwe na namba na zibanwe pini, maana upepo wa ziwa hauna adabu. Nakala ya pili ashike mjukuu mwingine, asimame karibu na msomaji, aendeleze pale mwenzake atakapozidiwa na kilio.