Kuvua wolai Ziwa Erie mwezi Julai

Ndugu, umeuliza utoke saa ngapi na ubebe chambo gani, maana unaondokea Cleveland, jimboni Ohio, Marekani, na watoto. Muwe majini saa 11 alfajiri. Jicho la wolai, samaki huyo wa ziwani, hunasa mwanga hafifu, ukilimulika na tochi linang'aa kama la paka; jua likipanda, anashuka kwenye kina. Hapo rambazeni polepole, yaani buruteni mshipi nyuma ya chombo, nyungunyungu mzima kwenye ndoano na kijibati kikizunguka mbele yake. Leseni ya Ohio ni lazima kuanzia miaka 16, na mtu asizidishe wolai 6 kwa siku.

Lakini nakusihi, tazama upepo kwanza. Erie ni ziwa la kina kifupi, mawimbi huinuka haraka mno. Upepo wa kutoka kaskazini ukivuma kwa nguvu, ahirisheni. Watoto wavae jaketi za kujiokolea hata maji yakiwa shwari.