Re: Nimepewa chumba changu ofisini, timu imenikimbia

Pole mkuu, nimekusoma, umepandishwa cheo ukapewa chumba mwisho wa korido na AC yako, sasa watu wako hawaji mpaka mambo yaharibike. Yalinikuta hayo hayo. Meza yangu ilikuwa inatazama mlango, mimi kiti kikubwa cha kuzunguka, mgeni kile cha plastiki, mtu akikaa utadhani yuko polisi anatoa maelezo. Nikaisogeza meza ukutani, nikaweka viti viwili vinavyofanana pembeni, mlango wazi mpaka saa tano, halafu kila siku kama nusu saa hivi nakaa na laptopu kule kwao karibu na printa, maana umbea wote wa kazi unapita pale.

Ila usikimbilie kuvunja kuta aisee. Bloomberg alipoingia umeya wa New York 2002 alikaa katikati ya ukumbi na watu wake, sawa, lakini watafiti wa Harvard, Bernstein na Turban, 2018 walionyesha kampuni 2 zilizohamia ofisi ya wazi, ile isiyo na kuta, kuongea ana kwa ana kukashuka kwa kama asilimia 70, watu wakahamia kwenye imeili! Mtu anavaa hedifoni zake basi.

Na chumba usikirudishe. Mambo ya mshahara, ugonjwa, onyo, hayo funga mlango, na kama ni onyo au mtu analalamika kunyanyaswa muite mtu wa HR (rasilimali watu) kabla hujafungua mdomo, yanaweza kufika CMA hayo, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.