Ondoa hicho kiungo cha shaba kwenye njia ya kichocheo kabla hujawasha mashine

Usiiwashe mashine hiyo. Umeandika kwamba umenunua mashine kuukuu ya kupulizia rezini (gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu) na faiba (nyuzi za kioo) kwa ajili ya karakana yako ya mashua na matangi huko Jomvu, kwamba mpira unaopitisha kichocheo, dawa ya kuigandisha rezini, ulikuwa unavuja penye kiungo, na kwamba aliyekuuzia amekushauri ufunge kiungo cha shaba ya manjano kutoka duka lolote la vifaa kwa sababu shaba hailiwi na kutu. Halafu ukauliza saizi ya nozeli, urefu wa kukatia uzi wa faiba, namna ya kusafisha bunduki ya kupulizia na barakoa inayofaa. Maswali yote nimeyasoma, lakini nimekwama hapo penye shaba, kwa kuwa ushauri huo huo, karibu kwa maneno hayo hayo, ndio uliompotezea jicho moja kijana tuliyekuwa tukifanya naye kazi Changamwe.

Kichocheo cha rezini ya poliesta ni ile perokisidi inayoandikwa MEKP kwenye jerikani, ambayo mafundi wengi huiita hadina. Kwa macho ni kama maji, na sura hiyo ya upole ndiyo inayowafanya watu wakizoee upesi. Ndani yake mna oksijeni iliyoshikamana kwa namna isiyotulia. Kikikutana na kobalti kidogo iliyomo ndani ya rezini, kinavunjika taratibu na rezini inaganda. Hiyo ndiyo kazi tunayoitaka, na kwa kawaida inatosha asilimia 1 hadi 2.5 ya uzito wa rezini. Lakini kobalti siyo metali pekee inayokiamsha. Shaba nyekundu, shaba ya manjano, zinki, risasi na chuma chenye kutu zote zinakivunja, na kikivunjika hutoa gesi pamoja na joto, na joto hilo likaharakisha kuvunjika kwa kile kilichobaki. Katika chombo kilicho wazi utaona mapovu na pengine moshi. Katika mpira uliofungwa koki pande zote mbili, gesi haina pa kutokea, nayo itajitafutia njia.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kiungo cha shaba kilifungwa, uvujaji ukakoma, kazi ikaendelea vizuri, na kila mtu akaona tatizo limekwisha. Hapo ndipo penye hatari ya jambo hili, kwa sababu wakati wa kupuliza kichocheo kinapita bila kusimama na hakipati muda wa kukaa na shaba. Ijumaa moja tulisimamisha kazi ili watu waende kuswali, koki ya upande wa chupa ikafungwa, na bunduki ikafungwa vilevile, mpira ukiwa umejaa. Ulikuwa mwezi wa Machi, jua la Mombasa likiwaka juu ya paa la mabati, na mapumziko yakawa marefu kuliko kawaida. Kijana huyo alitangulia kurudi ili awashe kompresa. Hakuwa amevaa miwani, kwa kuwa hakuwa anapuliza chochote. Alikuwa anapita tu kando ya mashine. Mpira ukapasuka karibu na kiungo, na kichocheo kikamrukia usoni.

Kichocheo hiki kikiingia jichoni huanza kuiunguza konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, papo hapo, na kinachoamua kama jicho litapona ni maji yanayofika katika sekunde za kwanza. Mfereji wetu ulikuwa mkavu siku hiyo, kama inavyotokea mara nyingi mjini hapa, na maji ya kunywa yalikuwa ofisini upande wa pili wa ua. Alipofika hospitali, madaktari walifanya kila walichoweza kwa jicho ambalo tayari lilikuwa limeharibika. Tulipokifungua kile kiungo baadaye, kimiminika kilichobaki ndani yake kilikuwa kimeshika rangi ya kijani.

Nina uchungu na aliyetuuzia mashine ile, na sioni sababu ya kuuficha. Alikuwa mtu wa biashara hiyo, akizungumza kwa uhakika wa fundi, akishika kiungo mkononi na kutuonyesha jinsi kilivyo imara. Hapa Pwani shaba ina heshima yake: koki za mashua, bawaba na vitasa vinavyokaa miaka mingi mbele ya upepo wa chumvi ni vya shaba, na mtu akikwambia hailiwi na kutu anakwambia jambo ulilolishuhudia tangu utotoni. Alichukua ukweli wa maji ya bahari akauhamishia kwenye perokisidi, ambako haufanyi kazi hata kidogo. Kitabu cha mashine hakutupa, akisema kilipotea, na karatasi ya maelezo ya usalama ya kichocheo hatukuiona hadi baada ya ajali, ingawa karatasi hiyo inapaswa kuandamana na kemikali yenyewe na onyo la kuitenga na metali limeandikwa humo waziwazi. Mtu anayeuza mashine ya namna hii bila kitabu, kisha akatoa ushauri wa kubuni mahali pa kitabu, anauza hatari kwa bei ya mashine. Wa kwako naye anafanya hivyo hivyo, na ndiyo maana siwezi kukujibu kwa upole kana kwamba ni suala la kuchagua rangi.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: kuanzia chupa ya kichocheo hadi mdomo wa bunduki, hakiingii kitu chochote ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya njia hiyo. Vinavyovumilia ni stenlesi ya daraja la 316, tefloni na polietilini, na mipira ya kuzibia iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji wa mashine. Usikubali kiungo kilichopakwa rangi ya fedha juu, kwa sababu chini ya mng'ao huo mara nyingi ni shaba ile ile. Usikubali chujio la waya lisilojulikana asili yake, wala springi iliyotolewa kwenye kifaa kingine. Kama kipuri cha asili hakipatikani mjini, mashine isimame hadi kiagizwe, hata kama mteja anasubiri tangi lake.

Kanuni hiyo inaihusu pia vali ya kupunguza presha iliyo kwenye pampu ndogo ya kichocheo. Katika mashine nyingi pampu hiyo huvutwa na mkono mmoja na pampu kubwa ya rezini, kwa hiyo njia ya kichocheo ikiziba, pampu kubwa haijui na inaendelea kuisukuma ile ndogo. Vali ile ndiyo inayorudisha kichocheo chupani badala ya kuuacha mpira upasuke. Kuna mafundi wanaoikaza hadi mwisho au kuiziba kabisa wanapoona inarudisha kidogo, wakidhani ni uvujaji. Ikirudisha, inakueleza kwamba mbele kumeziba; simamisha kazi uzibue. Na kila unaposimama, hata kwa chai, toa presha yote na uhakikishe hakuna kichocheo kilichofungiwa kati ya koki mbili. Hilo la mwisho lingelinusuru jicho la yule kijana hata kiungo kikiwa cha shaba.

Joto la hapa kwetu linazidisha kila nililolisema. Watengenezaji wengi wa kichocheo hutaka kihifadhiwe chini ya nyuzi joto 30 au hata 25, na kuanzia Januari hadi Machi hewa ya Mombasa yenyewe hupita hapo mchana, achilia mbali ndani ya banda la mabati. Kiweke kivulini, mahali penye upepo, katika chombo chake cha asili chenye kifuniko kinachopumua, mbali na rezini na mbali kabisa na chupa ya kobalti, kwa maana kobalti na kichocheo vikichanganywa moja kwa moja hulipuka. Staireni iliyomo ndani ya rezini nayo hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi 31 hivi, maana yake ni kwamba kwetu, siku ya kawaida ya kaskazi, unapuliza kitu ambacho tayari kiko tayari kuwaka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa na hukaa chini, kwa hiyo feni ya kuvutia hewa iwekwe karibu na sakafu, na iwe ya aina isiyotoa cheche. Feni ya kawaida ya nyumbani haifai.

Kuhusu kusafisha, asetoni hushika moto hata katika baridi kali, kwa hiyo mashine, ndoo ya chuma unayomwagia na bunduki yenyewe viunganishwe kwa waya wa ardhi kabla hujabonyeza kitu, ili umeme tuli usitoe cheche. Asetoni isiingie kamwe kwenye njia ya kichocheo. Matambara yaliyoloa kichocheo usiyarundike, na kilichomwagika usikifyonze kwa maranda. Vyote viwili vinaweza kuwaka vyenyewe. Rezini iliyokwisha kuchanganywa isiachwe nene ndooni, kwani hupata moto wa kutosha kutoa moshi na hata kuwaka. Itandaze iwe nyembamba au uimwagie maji.

Barakoa ya vumbi haizuii staireni, na hata ile ya kitambaa yenye vali haizuii. Unahitaji ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, vile vyenye alama A na mstari wa kahawia, pamoja na kichujio cha chembe. Mwaka 2018 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliiweka staireni katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo wanunulie wafanyakazi wako wote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakuwajibisha kufanya hivyo, na yeyote anayeingia karakanani avae miwani, hata asiyepuliza.

Presha ya rezini nayo usiidharau. Pampu yenye uwiano wa 11 kwa 1 ikipewa hewa ya bari 5 (bari ni kipimo cha presha) hutoa bari 55, na presha hiyo inaweza kukipenyeza kimiminika ndani ya ngozi. Usitafute uvujaji kwa kidole wala kwa tambara, na mtu akichomwa na mkondo huo apelekwe kwa daktari wa upasuaji saa ile ile, hata kama tundu linaonekana dogo na haliumi.

Sasa kitoe hicho kiungo, lakini kwa utaratibu. Kwanza weka kando ya mashine jerikani mbili za lita 20 za maji safi, usiutegemee mfereji. Jicho likipatwa, lioshwe pale pale kwa dakika 15 au zaidi kabla ya safari ya hospitali. Vaa miwani inayobana uso, ngao ya uso na glavu. Funga hewa, toa presha yote, fungua bunduki, ndipo ulegeze kiungo polepole ukiwa umekaa upande. Kichocheo kitakachotoka kipokee katika ndoo safi ya plastiki yenye maji mengi, ikae nje kivulini bila kifuniko, na usikirudishe chupani hata tone, kwa sababu kimeshagusana na shaba. Mpira wenyewe ubadilishe. Ukishafunga kiungo cha stenlesi, piga picha ya njia nzima kutoka chupani hadi kwenye bunduki uiweke hapa, tuikague kiungo kwa kiungo kabla hujamimina kichocheo kipya.