Kwaya ya Mtwara inayotaka kuigiza opera ianze na Dido and Aeneas

Kwaya yenye waimbaji 20 hadi 24 wanaosoma tonik solfa (nota za d, r, m) inaweza kuigiza opera nzima, yaani mchezo unaoimbwa, mradi isichague kubwa mno. Kwa kwaya za Mtwara na Lindi tunapendekeza Dido and Aeneas ya Mwingereza Henry Purcell. Inachukua kama saa moja, na kwaya ina kazi nyingi ndani yake. Nota za zamani hazina hakimiliki tena. Matoleo mapya yaliyohaririwa yanaweza kuwa nayo, kwa hiyo angalieni kabla ya kutoa fotokopi. Hadithi yenyewe watu wa pwani wataielewa haraka: Dido, malkia wa Carthage, Tunisia ya leo, anaachwa na Aeneas, mwanamume aliyeletwa na jahazi.

Januari hadi Machi msipange onyesho, maana mvua ikipiga bati hata waimbaji 10 wa besi hawasikiki. Oktoba ni korosho. Wenye mashamba hawatakuja mazoezini. Agosti inafaa, ila kusi linavuma, kwa hiyo fungeni madirisha ya upande huo.

Panapoharibika zaidi ni wimbo wa mwisho wa Dido. Mkono wa kushoto wa kinanda unarudia besi, yaani mstari wa sauti ya chini, ya vipimo 5, mara 11, nayo inashuka nusu toni nusu toni: l, se, s, fe, f, m. Wengi huruka se na fe. Dido aiimbe besi hiyo kwa solfa wiki nzima kabla ya kugusa sauti yake mwenyewe. Kosa la pili ni baya zaidi: sentensi zake haziendi sambamba na besi. Aliyezoea nyimbo za beti husubiri besi imalize ndipo aingie, mpiga kinanda naye anamngoja, na hapo wote wawili wamepotea. Mpiga kinanda asimngoje mtu. Noti ya juu ya G ikimbana mwimbaji, shusheni kinanda nusu toni. Wanaopiga muziki wa zama zile kitaalamu hushusha hivyohivyo.

Mkitafsiri, chungeni miisho. Kiingereza mara nyingi humalizia kwa silabi nzito, kama "earth". Kiswahili hutilia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Neno "kaburini" mkilipanga bila kufikiri, noti ndefu itaangukia -ni na ukumbi utacheka. Wekeni -ri- kwenye noti ndefu, -ni idondoke mwishoni, fupi na laini.

Kwaya ya wachawi pangoni ina mwangwi. Wapeni watu 6 kazi hiyo, wasimame nje ya dirisha la nyuma, na mtu mmoja asimame mlangoni awapigie mapigo kwa mkono. Bila huyo watachelewa.

Pazia: azimeni tanga kuukuu Mikindani, mlitundike kwa foromali yake, ule mti unaoshika tanga. Taa ikiwa nyuma linakuwa pango, ikiwa mbele ni bandari ya mabaharia. Lifueni kwa maji baridi siku tatu kabla, maana chumvi hunyonya unyevu na tanga hubaki zito, likining'inia kama kitambaa cha deki.

Kinanda kiwe na betri mpya ndani. Umeme ukikatika taa za chemli zinatosha, lakini besi ya Dido ikikatika katikati haiungiki.