Kwa mnaoanza kazi ya kinywa na meno Mtwara na Lindi

Ukipangiwa Masasi, Nachingwea, Newala au Kilwa, jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba karibu kila anayeingia chumbani kwako amekuja kung'oa. Ameshaamua tangu nyumbani. Ameshika shavu, hajalala siku mbili, na anataka jino litoke arudi shambani. Utang'oa, atashukuru, na hutamwona tena mpaka jino la pembeni yake lianze nalo. Ukikaa miaka mitano kwa mtindo huo utakuwa hodari wa koleo, lakini sidhani kama utakuwa umekua kikazi. Kipimo changu kwa kijana anayeanza ni kingine: wangapi wanarudi kwako wakiwa hawaumwi?

Wenzetu Marekani wana kada nzima kwa ajili hiyo. Mwaka 1906, katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, daktari wa meno Alfred Fones alimfundisha msaidizi wake Irene Newman kusafisha meno na kuwaelekeza wagonjwa. Mwaka 1913 akaanzisha darasa, na wahitimu wakapelekwa kuhudumia watoto shuleni. Huku kwetu kazi hiyo imebebeshwa tabibu wa meno huyohuyo anayeng'oa, anayeziba na anayejaza rejista. Ndiyo maana kusafisha na kufundisha huwa vya mwisho, vikipata nafasi. Usipovitengea siku yake, hata asubuhi moja kwa wiki, havitafanyika, na hakuna atakayekuuliza.

Sasa nikuambie kitakachokukwamisha. Mitaani kuna maneno kwamba kusafisha meno kunayalegeza. Utayasikia Mikindani, utayasikia Ruangwa, na anayeyasema mara nyingi ana ushahidi wake: shemeji yake alisafishwa, wiki iliyofuata meno yakawa yanacheza. Usimcheke, kwa sababu alichokiona ni cha kweli. Mtu aliyekaa na ugaga, yaani ukoga uliogandamana ukawa mgumu kama jiwe, miaka ishirini, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini, mfupa wake umeshaliwa chini kwa chini. Meno yamebaki yameshikana kwa ule ugaga kama matofali kwa saruji. Ukiutoa, kila jino linasimama peke yake, mapengo yanaonekana, fizi inanywea, maji ya baridi yanampiga. Yeye anahesabu kwamba wewe ndiye uliyemharibu.

Kwa hiyo maelezo yanatangulia mkono. Mkalishe mgonjwa, mpe kioo kidogo akishike mwenyewe. Chukua vifaa viwili vya chuma, bana jino kwa mipini ya vifaa hivyo, mmoja mbele mmoja nyuma, ulisukume taratibu huku anaangalia. "Unaona, mzee? Sijagusa ugaga bado, na tayari linacheza." Halafu pita na probu, yaani kifaa chembamba cha kupimia kina kati ya fizi na jino. Ile ya Shirika la Afya Duniani ina kidonge cha nusu milimita kwenye ncha na bendi nyeusi kuanzia milimita 3.5 hadi 5.5. Fizi nzima probu haizami zaidi ya milimita 3. Bendi ikimezwa yote, mwoneshe kioo, mtajie namba, na uiandike mbele yake. Kisha mwambie wazi: nikisafisha utaona mapengo, utahisi ganzi ya baridi siku kadhaa, na jino hili moja huenda nisiliweze kuliokoa. Akikubali baada ya hapo, amekubali kweli. Na huyo ndiye atakayekutetea kijiweni siku maneno yakianza.

Jambo jingine ni damu. Watu wengi wakiona mswaki umetoka na damu huacha kupiga mswaki upande huo, wakidhani wanaupumzisha. Mama mjamzito ndiye zaidi, maana homoni za ujauzito huzifanya fizi zivimbe na kutoa damu upesi, na nyumbani ataambiwa ni kawaida aache mpaka ajifungue. Nenda kliniki ya wajawazito, jipange na muuguzi wa zamu akupe dakika kumi kabla ya kupima uzito. Sema mambo mawili tu: damu inatoka kwa sababu ya ukoga uliokaa kwenye kingo za fizi, na dawa yake ni kupiga mswaki hapohapo kwa upole. Ukiongeza la tatu watasahau yote.

Mswaki wa mti usiudharau. Pwani hii una heshima ya dini na ya mazoea, na ukitafunwa ukawa laini, ukapitishwa kuanzia kwenye fizi kwenda kwenye jino, unafanya kazi. Kasoro ni kwamba wengi huishia meno ya mbele. Muombe bibi akuoneshe anavyoutumia, kisha mwelekeze afike nyuma na upande wa ndani. Akiweza kununua dawa ya meno, iwe na floridi, sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, imeandikwa kwenye boksi. Mtoto chini ya miaka mitatu anatosha na kiasi cha punje ya mchele.

Mwezi wa Ramadhani chumba chako kitapoa. Wengi hawataki maji mdomoni mchana, hata ukiwaambia utayafyonza yote. Usibishane nao, wewe si mufti. Wasafishe wengi Shaabani, na mwezi wenyewe utumie kunoa vifaa, kupanga mafaili na kwenda shule. Na mwaka mzima, weka pazia. Kuna mama hatafunua uso mlango ukiwa wazi na watu wamekaa kwenye benchi, na hatakwambia sababu, ataondoka tu.

Kalenda nyingine ya huku ni ya korosho. Minada ikianza, kwa kawaida Oktoba, mikononi kunakuwa na pesa, na meno yaliyovumiliwa tangu masika yote yanaletwa kwa pamoja. Foleni itakuwa ndefu, na kila mtu ana haraka ya kurudi kuokota. Hapo usijaribu kufundisha, hudumia. Lakini chukua namba za simu na uandike nani alikuwa na ugaga mwingi, nani ana tundu dogo linalozibika. Ni nafasi ya kumwambia mtu kwamba kuziba leo akiwa na pesa ni nafuu kuliko kung'oa Machi akiwa anakopa. Waulize pia dirisha la bima nini kinalipiwa na nini hakilipiwi kabla hujamkalisha mtu kitini. Hakuna kinachoudhi kama kuambiwa bei ukiwa umeachama.

Kuhusu kuziba, usikubali kuambiwa kwamba bila mashine ya kutobolea hakuna kitu. Ipo mbinu ya kukwangua ubovu kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa simenti ya glasi ionoma, bila umeme na mara nyingi bila sindano ya ganzi. Dunia nzima inaijua kama ART, na ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka simenti hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na ile dawa ya madini ya fedha na floridi inayopakwa kwenye tundu kusimamisha kuoza. Hiyo ya mwisho hulifanya tundu liwe jeusi, kwa hiyo mzazi aambiwe kwanza. Ukienda shule ya msingi na sanduku la vifaa vya mkono, simenti na taa ya kichwani, utafanya kazi ya maana chini ya mwembe. Zoezi hilo likurudishe shule ileile mwaka unaofuata, maana kuzunguka shule nyingi mara mojamoja kunapendeza kwenye ripoti tu.

Vifaa vyenyewe sasa. Skela ya umeme, yaani mashine ya kukwangulia ugaga, ni nzuri umeme ukiwepo na maji yakiwepo, na aliyewahi kuishi Newala au Tandahimba anajua maji ya uwanda wa Makonde si ya kuchezea. Kwa hiyo mkono wako uwe umefuzu skela za mkono kabla hujaitegemea mashine. Na skela butu ni hasara tupu: haikwangui ugaga, inaupiga msasa tu, ukaachwa laini juu ya mzizi, usiouona wala kuuhisi. Wewe unazidi kukandamiza, mgonjwa anaumia, kifundo cha mkono kinakufa ganzi jioni. Kila unapoanza, ielekeze ncha kwenye taa. Ukali halisi haung'ai. Ukiona mstari mweupe unaomeremeta kwenye ukingo, imeisha makali. Jaribu pia kwenye bomba la sindano la plastiki lililo safi: kali inauma plastiki, butu inateleza. Noa kwa jiwe lililotulia, pembe kati ya uso wa kifaa na jiwe iwe nyuzi 100 hadi 110, mipigo michache, usile chuma chote. Kisha kipite tena otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke: nyuzi joto 121, dakika 20 kikiwa wazi, 30 kikiwa kimefungwa, na hesabu inaanza joto likishafika, si ulipowasha.

Mwili wako nao ni kifaa. Kaa, usifanye kazi umesimama umejikunja upande mmoja kwa sababu tu kiti cha mgonjwa kimekwama na fundi yuko Dar. Viwiko viwe karibu na mbavu, kichwa cha mgonjwa ndicho kigeuke, shingo yako ibaki. Wazee wa kazi hii wanaolalamika mgongo ni wengi kuliko wanaolalamika mshahara, na mshahara wanaulalamikia sana. Chanjo ya homa ya ini B hakikisha umemaliza dozi zote tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Sindano ikikuchoma, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na baada ya saa 72 hazisaidii tena. Kuna wanaoona aibu kusema. Aibu hiyo ina gharama kubwa mno.

Utaambiwa mengi kuhusu meno, na mengine yana madhara. Mdudu wa jino si wa kugombania. Eleza tundu linavyoanza, mwoneshe, endelea na kazi. Aliyesaga aspirini akaiweka kwenye fizi atakuja na kidonda cheupe kilichoungua, na anayepaka mafuta ya ganda la korosho ataungua zaidi. Lakini meno ya plastiki yasikie kwa masikio mawili. Imani hiyo ilivuma nchini kuanzia miaka ya 1980: mtoto mchanga anaharisha au ana homa, fizi imevimba mahali pa chonge, mtu anasema ni meno ya plastiki na yachimbuliwe. Kinachochimbuliwa ni jino changa la kawaida ambalo halijaota. Mtoto anavuja damu, anaweza kupata maambukizi mabaya, na ugonjwa uliomleta bado anao. Ukimlaumu mama mbele za watu, wa pili hatakuja kwako kabisa. Mpeleke mtoto akatibiwe kuharisha kwanza. Mazungumzo na mama, na hasa na bibi wa mtoto, yafanyike akishapata nafuu, kwa shikamoo na kwa kukaa chini.

Upande wa karatasi nitapita haraka. Usajili na leseni yako viko Baraza la Madaktari Tanganyika, na kuhuisha leseni kunataka uwe umejiendeleza kitaaluma, kwa hiyo vyeti vya mafunzo vitunze tangu siku ya kwanza, na nakala uziweke kwenye simu. Usisubiri semina za Dar zenye posho. Omba wiki mbili za kukaa na daktari bingwa akipita mkoani, omba kusimama pembeni hospitali za Ligula, Ndanda au Nyangao ukiangalia wengine wanavyofanya. Ukitaka kuongeza elimu baadaye, daftari lako la kesi, lenye namba za probu kabla na baada, litakusaidia kwenye mahojiano kuliko barua ya sifa.

La mwisho ni rufaa, na hapa usiwe na ujasiri. Kabla ya kung'oa pima presha; ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, jino lisubiri. Mtu ambaye fizi zake zinavimba majipu mara kwa mara, anakunywa maji sana na kuamka usiku kukojoa, mpime sukari, maana kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana. Kwa anayebwia ugoro au kunywa pombe kali, inua ulimi, vuta shavu, tazama chini ya ulimi na nyuma kabisa, kila anapokuja hata kama amekuja na jino moja tu. Kidonda kisichopona wiki mbili, doa jeupe lisilofutika, au uvimbe mgumu shingoni, usimpe dawa ya kusukutua ukamwambia arudi mwezi ujao. Mwandikie rufaa siku hiyo, kwenda Ligula au hospitali ya kanda Mitengo, na umweleze mtoto wake aliyemsindikiza, si yeye peke yake, kwa nini safari hii haingoji mnada wa korosho. Namba yake ya simu iandike kwenye rejista. Usipopata taarifa ndani ya wiki, piga.