Maswali na Majibu: Kebo Kwanza, Intaneti Baadaye

Maabara yetu ya shule ina kompyuta 30 na ruta moja ya Wi-Fi. Inatosha? (Mwalimu, Masaka)

Haitoshi, na wiki hii wewe ni wa tatu kuniuliza. Wi-Fi ni kipaza sauti kimoja darasani: mmoja akisema, wengine wangoje. Wewe ukitamka "fungueni faili", watoto 30 wanalifungua kwa mpigo. Vuta kebo, kila kompyuta na yake hadi kwenye swichi, si ile ya taa, bali kisanduku cha matundu kinachounganisha kompyuta. Swichi ya matundu 24 haikufai. Tafuta ya 48, au unganisha mbili za 24. Ila kabla hujatoa hata shilingi, chora chumba kwenye karatasi: mlango, madirisha, soketi, meza. Kebo zipite ukutani ndani ya bomba la plastiki, si sakafuni, maana kinachoshindwa kung'olewa na viatu hung'olewa na ufagio.

Bila intaneti, mtandao una faida gani? (Soroti)

Printa moja kwa wote, kazi za wanafunzi mahali pamoja, na Wikipedia kupitia Kiwix, programu ya kuisoma bila intaneti, kwenye seva yenu, yaani kompyuta inayohudumia nyingine. Intaneti ni jambo jingine kabisa.

Nimeuziwa boksi la kebo la mita 305 kwa nusu bei. Nimepata? (Mbale)

Umepatikana. Kata kipande, ukwangue uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, nayo ukiikunja mara chache inakatika. Niliwahi kufumua dari la maabara nzima kwa sababu ya kebo hizo. Boksi lake lilikuwa jepesi mno mkononi, nasi tukafurahi kubeba mzigo mwepesi! Nunua shaba tupu, ya daraja la Cat5e au Cat6; huandikwa kwenye kebo yenyewe. Na unapobana vichwa vya plastiki kwenye ncha za kebo, usizifumue zile jozi za nyuzi zilizosokotwa zaidi ya nusu inchi.

Anwani ya kompyuta kwenye mtandao inaanza na 169.254. Ni virusi? (Wengi, tena na tena)

Si virusi! Kompyuta imeiomba ruta anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Tazama kama ruta imewaka na kebo imeingia sawasawa. Mtandao mzima ukiganda ghafla, tafuta mtundu aliyechomeka ncha zote mbili za kebo kwenye swichi ileile. Swichi ikae kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo usiachwe kwa kiranja.

Kutoka maabara hadi ofisi ya mkuu ni mita 150. Nitumie kebo ndefu? (Jinja)

Kebo ya shaba mwisho wake mita 100. Hata ingekuwa 60, nisingeipitisha nje kati ya majengo mawili. Radi za huko mnazijua. Weka faiba, kebo inayopitisha data kwa mwanga: ni kioo, haipitishi umeme. Halafu fungua soketi moja ya maabara, umeme ukiwa umezimwa. Nimeona nyingi zenye tundu la tatu mbele, nyuma yake hakuna waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Ukikuta hivyo, faiba ingoje, mwite kwanza fundi umeme.